Nyama Mpya Kwenye Kovu

Katika chumba cha mwanga pale hospitalini, makofi yalipigwa kwa sababu moja tu. Kidonda kilichokaa muda mrefu kimenuna, rangi ya majivu, hakipungui wala hakiongezeki, kikianza kuota vijipunje vyekundu vya nyama mpya, muuguzi wa vidonda alikuwa anainua kichwa chake chenye mvi na kutangaza, "Mgeni amefika!" Hapo benchi zima la wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu yao lilikuwa linapiga makofi, hata wale ambao vidonda vyao havijawahi kutembelewa na mgeni yeyote. Muuguzi huyo walimwita Bwana Bandeji. Ndiye aliyeanzisha mchezo huo, na kwa jinsi chumba kile kilivyojaa harufu ya dawa na uchovu wa watu, hakuna aliyeona vibaya.

Aliyeshika mashine ya mwanga alikuwa msichana mmoja mwembamba, mwenye macho ya kuangalia chini. Alisomea chuoni kazi ya tiba ya viungo na ya mwanga, akafaulu vizuri sana, lakini ukimweka mbele ya watu watatu, sauti yake ilikuwa inashuka mpaka unajiuliza kama ameongea au amepumua. Nyumbani aliitwa Kapole. Jina hilo alipewa na shangazi yake, na likamfuata mpaka kazini.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Sanduku dogo lenye vitufe, waya, na kwenye ncha ya waya kitu kama kalamu nene. Kapole alikuwa anamvisha mgonjwa miwani ya giza, anavaa na yake, kisha anaisogeza ile kalamu kwenye ukingo wa kidonda, anatulia, anasogea kidogo, anatulia tena, mpaka amalize kuzunguka. Ulikuwa mwanga mwekundu wa leza, ila si leza ile ya kukata. Hii ilikuwa hafifu, isiyochoma. Wagonjwa wengi waliapa kwamba wanasikia joto zuri likipenya mpaka mfupani, na Kapole hakuwabishia, ingawa alijua hakuna joto lolote. Kazi ya mwanga ule ilikuwa kuziamsha chembe za mwili zilizochoka ili zirudi kazini. Wengine uliwasaidia, wengine haukuwasaidia, na hata wale uliowasaidia hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni mwanga na si bandeji safi na mkono mpole.

Basi siku moja mguu wa shangazi yake ulianza kutoa maji.

Shangazi ndiye aliyemlea Kapole tangu mama yake alipofariki. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga. Alikaa kwenye baraza lake lenye vitambaa kila kona, mguu wa kulia ukipiga pedali na mdomo ukipiga soga na kila apitaye. Kwenye muundi wa mguu huo, chini ya goti, palikuwa na kovu kubwa. Alipokuwa mtoto mdogo alimwagikiwa na sufuria ya maji ya moto, na ngozi iliyoota baadaye ilikuwa laini, yenye kung'aa, imevutika kama kitambaa kilichokatwa pungufu. Hapo hapo, mahali ambapo mguu ulisuguana na chuma cha cherehani, ndipo palipochubuka. Wote walisema ni chuma. Shangazi akakifunga chuma kwa matambara, lakini kidonda hakikufunga.

"Twende kwa daktari akione," Kapole alisema.

"Daktari wa nini, na nimesomesha mtu?" Shangazi alicheka. "Miaka yote ile nimekesha nashona sare za watu, wewe ukaenda ukajifunza kumulika tochi. Haya, nimulike."

Utaratibu wa hospitali ulikuwa wazi: hakuna kidonda kinachoingia chumba cha mwanga kabla hakijaangaliwa na daktari. Lakini kulikuwa na utaratibu mwingine usioandikwa popote, nao ni kwamba ndugu wa mfanyakazi hapangi foleni. Alipitishwa mlango wa nyuma saa ya mapumziko, akahudumiwa na mkono wa ndugu yake, na wote wakaona huo ndio upendo. Bwana Bandeji mwenyewe alimfungulia Shangazi.

"Karibu, mama mkwe," alimtania.

"Mkwe wa nani? Mwanangu haolewi na wewe na hiyo mvi."

"Mvi ni rangi tu, mama."

"Basi ipake na usoni, labda utapendeza."

Benchi likacheka. Shangazi alivaa ile miwani ya giza, akajiangalia kwenye kioo cha dirisha, akatangaza kwamba sasa anafanana na mchomelea vyuma. Kapole aliinama akaanza kazi, masikio yakimwaka kwa haya na furaha. Katika maisha yake yote yeye ndiye aliyepokea kutoka kwa mwanamke huyu. Leo alikuwa na kitu cha kumpa.

Walifanya hivyo mvua zikanyesha, zikaisha. Kisha mchana mmoja Bwana Bandeji alifungua kitambaa, akainua kichwa. Katikati ya kidonda palikuwa pamejaa vijipunje vyekundu.

"Mgeni amefika!"

Makofi yalipigwa mpaka mfagizi akachungulia mlangoni. Shangazi alisimama kwa mguu mmoja, akainua pindo la gauni lake kama bibi harusi, akainamisha kichwa kulia na kushoto. "Asanteni, asanteni. Nipeni kipaza sauti nihutubie." Kapole alipiga makofi pia, yeye ambaye hakuwahi kupiga makofi mbele za watu. Alipiga kwa nguvu mpaka viganja vikamwasha.

Mgeni yule hakukaa kama wageni wengine. Nyama mpya kwa kawaida hujaza shimo polepole, kisha ngozi huja kutoka pembeni na kuifunika. Hii ilijaza shimo, ikapita, ikapanda juu ya ngozi kama unga uliozidiwa hamira. Ukiigusa kidogo na pamba ilikuwa inatoa damu. "Huyu mgeni ana haraka," Bwana Bandeji alisema, akacheka, lakini macho yake hayakucheka sana. Kisha ikaja harufu. Kisha ukingo wa kidonda ukawa mgumu, umejikunja kwa nje.

Shangazi ndiye aliyelisema kwanza, akipapasa kwa kidole chake cha ushonaji kilichozoea kusoma nguo bila kutazama. "Hili pindo limejikunja, Kapole. Gumu kama limeshonwa mara mbili. Ndivyo linavyopona?"

Kapole alikuwa ameinama na kalamu mkononi. Sentensi moja ilimjia, kwa sauti ile ile kavu ya mwalimu wake wa chuo. Kidonda kinachofumuka kwenye kovu la moto la zamani kisipopona, usikipe jina lolote mpaka kipande chake kikatwe kikapimwe. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na Kapole alilijibu sawasawa. Alijua pia jina la kitu kinachoogopwa hapo. Alijua kwamba mwanga haupelekwi juu ya kitu hicho kamwe.

"Shangazi," alisema, kwa ile sauti yake ya kupumua, "labda... labda tumwone daktari. Akate kinyama kidogo. Kidogo tu, wakipime."

"Nikatwe?" Shangazi alishtuka, kisha akafunika mshtuko wake kwa mzaha, kama alivyofunika kila kitu. "Katika ukoo huu anayekata ni mimi. Sikatwi mimi. Mkono wako unatosha, mwanangu. Tangu uanze kunimulika silali tena na maumivu. Au umechoka na mguu wangu?"

"Sijachoka."

"Basi mulika."

Neno lilimfika Kapole kooni. Alikuwa na la kusema, tena la maana: kwamba kutouma si kupona, kwamba hapa hakuna mjadala, kwamba kesho asubuhi tunakwenda, utake usitake. Aliona jinsi benchi lingegeuka kutazama. Aliona uso wa shangazi ukikunjamana kwa hofu mbele za watu. Akalimeza lile neno. Na lilipokwisha kushuka, alisikia nafuu, ile nafuu tamu ya mtu aliyeponea kugombana. Hiyo nafuu ndiyo iliyokuja kumtafuna baadaye kuliko kitu kingine chochote. Akashusha miwani yake machoni, akawasha mwanga, akauelekeza kwenye lile pindo gumu.

Aliendelea hivyo. Wala si kwamba alisahau. Kila alipoosha mikono alijiambia atasema kesho, na kila kesho Shangazi aliingia na mzaha mpya, akachangamsha benchi, na ile kesho ikasogezwa mbele.

Siku iliyofungua macho, Shangazi hakuingia na mzaha. Aliketi kwa ubavu. "Kuna kitu kinanichoma nikikaa," alinong'ona, akionyesha kwenye nena. "Nadhani ni jipu. Nimeona haya kumwambia Bandeji."

Kapole alivuta pazia. Akapapasa. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe, si laini kama jipu, si wa moto. Mgumu kama jiwe la mtoni, tena umeshikamana na nyama ya chini. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukusudia.

"Mbona umekaa?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, vaa viatu. Tunakwenda kwa daktari wa upasuaji. Sasa hivi."

Labda ilikuwa ile sauti isiyobembeleza, maana Shangazi hakubisha. Alivaa viatu.

Kinyama kilikatwa, kikapelekwa maabara, na wakawa watu wa kungoja. Kapole aliendelea kwenda kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Katika siku hizo za kungoja, mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa na kidonda cha sukari kwenye kisigino, alifunguliwa bandeji na vijipunje vyekundu vikaonekana. Vilikuwa vya kweli, vizuri, vya kupona. Bwana Bandeji alitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Yule mzee aliyatazama macho ya wote wawili. "Vipi? Siyo mgeni huyu?" Kapole alitaka kumwambia ndiyo baba, ni mgeni, furahi. Alikwenda nyuma ya kabati la dawa akaweka paji la uso kwenye bati lake baridi, na makofi machache yalipoanza benchini, ya watu wasiojua, alijiziba masikio.

Bwana Bandeji alimfuata. "Mimi ndiye niliyeanza makofi," alisema. "Ya shangazi yako. Mikono hii hapa." Aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Kisha akarudi kuosha vyombo, na tangu siku hiyo hakutangaza tena mgeni yeyote.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Aliwakaribisha viti viwili. Hakuzunguka. Ilikuwa saratani ya ngozi iliyoota kwenye kovu. Imeshuka mpaka mfupani, na imepanda mpaka kwenye nena. Picha ya kifua nayo ilikuwa na madoa ambayo hakuyapenda. Mguu ilibidi ukatwe juu ya goti, kwanza kwa sababu umeshaoza, pili ili Shangazi apate siku za kukaa bila ile harufu na zile damu. Hakusema kupona. Kapole alilisikia neno lile lilivyokosekana.

Shangazi aliuangalia mguu wake kwa muda. "Ndio wa pedali," alisema.

"Pole, mama." Daktari alivua miwani, akasugua macho. "Lakini kitu hiki kina miezi. Kingekuja mapema, tungekata kipande cha ngozi, tukabandika kingine, ukarudi kwenye cherehani chako. Ulikuwa wapi muda wote huu? Nani alikuwa anakitibu?"

Kapole aliinua uso. Kabla hajavuta pumzi, Shangazi alishaanza.

"Mwenyewe, daktari. Nyumbani. Maji ya chumvi, majani majani. Unajua sisi watu wa zamani."

"Na huyu?"

"Huyu binti wa kaka yangu. Kaja kunisindikiza tu."

Daktari alitikisa kichwa. "Mama, mama. Hospitali iko pale mnapopita kila siku. Mnakaa na ugonjwa mpaka unanuka, ndipo mnatuletea sisi tufanye miujiza." Aliendelea kidogo, bila ukatili, kwa uchovu wa mtu aliyeyasema hayo mara nyingi. Na Shangazi, ambaye hajawahi kukubali maneno ya mtu bila kumrudishia, alikaa ameinamisha kichwa, akayapokea yote kama mtoto aliyevunja kikombe. Mkono wake mmoja, chini ya meza, ulikuwa umemshika Kapole kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa unambana. Nyamaza.

Kapole aliuondoa ule mkono kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi," alisema. Safari hii ilitoka kwa sauti ya kawaida, ikamshangaza mwenyewe. "Nafanya kazi chumba cha mwanga. Nilimpitisha mlango wa nyuma, hakuonwa na daktari. Nimemmulika tangu mvua zilizopita. Nilipoona ukingo umekuwa mgumu nilijua kinapaswa kupimwa. Nilisoma. Nilijua. Niliendelea kumulika."

Nje kitoroli cha chakula kilipita, magurudumu yakilia.

"Mwanga ndio ulioikuza?" Kapole aliuliza.

Daktari alimtazama, na hasira iliyokuwa imeanza kupanda usoni ikashuka, kikabaki kitu kingine ambacho Kapole angetamani kisiwe huruma. "Sijui," alisema. "Hakuna atakayekupa jibu la uhakika, na atakayekupa anakudanganya. Ninachojua ni muda. Ule muda uliopotea, huo naujua." Akavaa miwani. "Mkuu wa idara yako itabidi aambiwe. Sasa, mama, upasuaji ni kesho kutwa."

Walitoka mpaka kwenye veranda. Shangazi alitembea mbele, akichechemea, hakutaka kushikwa. Mwishoni mwa veranda alisimama, akageuka, na Kapole akauona uso ambao hajawahi kuonyeshwa tangu utotoni.

"Nilikuwa nimekufunika," Shangazi alisema. "Nimechagua kitambaa, nimekata, nimeshona, nimekufunika vizuri. Ukakipasua mbele ya mtu baki."

"Shangazi, nisingeweza kukaa pale unatukanwa kwa ajili yangu."

"Mimi natukanwa naenda zangu. Nina nini cha kupoteza? Mguu? Umeshakwenda. Wewe una kazi. Una chuo chako nilichokishonea." "Siku ile nilipokuambia sikatwi, ulisema nini? Ulisema sijachoka. Nilikuwa naogopa, Kapole. Mtu mwenye hofu hatakiwi kuulizwa. Ungenikokota. Ungenitukana. Ungenifungia mlango mpaka niende. Hukusema kitu. Leo, pasipokuwa na faida yoyote, leo ndio umejifunza kusema?"

Yalikuwa kweli neno kwa neno, na Kapole mwenyewe asingeweza kuyapanga vizuri zaidi. Walikaa kwenye ngazi, kila mmoja na ngazi yake, mpaka usafiri ukapatikana.

Mguu ulikatwa. Kapole aliambiwa na mkuu wa idara akae nyumbani mpaka aitwe, kwa hiyo alikuwa na siku nzima za kukaa wodini. Alimlisha Shangazi, alimgeuza, alimpangusa. Waliongea mambo madogo: mto umekaa vibaya, chai imepoa, yule mgonjwa wa kitanda cha pili anakoroma kama trekta. Mizaha ya Shangazi ilirudi kidogo, ila sasa ilikuwa inawaendea wauguzi na wagonjwa wenzake. Kwa Kapole aliongea kwa adabu. Adabu hiyo ilikuwa nzito kuliko yale maneno ya veranda.

Alasiri moja, jua limeingia wodini mpaka katikati ya vitanda, Shangazi alianza kuhangaika. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinamuuma, alisema, na unyayo unawasha, unawasha kama umekanyaga upupu. Alijua haupo. Aliuona kwa macho yake kwamba haupo, shuka lilikuwa limelala bapa pale. Lakini unawasha. Muuguzi alishampa dawa, haikufika huko.

"Kapole." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile. "Niletee ile kalamu yako. Nimulike hapa kwenye kigutu, kidogo tu. Ile ndiyo ilikuwa inanipa usingizi."

Kapole angeweza. Bwana Bandeji angempa ile mashine bila kuuliza. Na wakati huu hakuna kilichobaki cha kuharibu, au kilikuwepo, hakuna ajuaye. Uso wa Shangazi ulikuwa umemwelekea, umelegea, unaomba, na ndani yake ulikuwemo msamaha ambao Kapole angeweza kuupata kwa kubonyeza kitufe kimoja.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Haipelekwi mahali penye ugonjwa huu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi alimwangalia. Hakukasirika. Ule ulegevu uliondoka usoni polepole, ikarudi ile adabu. "Sawa," alisema. Akageuzia uso ukutani. Baada ya kitambo, bila kugeuka, akasema, "Basi nikune."

Kapole alisogeza kiti mpaka mwisho wa kitanda. Aliweka mkono juu ya shuka lililolala bapa, mahali ambapo unyayo ungekuwepo, akaanza kukuna godoro.

"Hapo?"

"Sisikii."

Alishuka chini kidogo. Akapanda. Akajaribu upande wa kisigino, kisha upande wa kidole gumba, akikuna kwa nguvu zaidi, kucha zikikwaruza kitambaa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kukoroma akainuka kutazama.

"Hapa je?"

"Bado," alisema Shangazi, akiutazama ukuta. "Bado."